Paneli Imeshuka Bei, Riba Bado

Hotuba kwa wanachama wa sacco katika mkutano mkuu wa mwaka, Nairobi

Bwana mwenyekiti, ndugu katibu, wazee wetu mlioketi huku mbele, kina mama, vijana, wanachama wote: hamjambo.

Kamati iliniomba nizungumzie kawi safi kabla ya kusomwa hesabu za mwaka. Najua wengi mmekuja kusikia mgao wa faida, na mna haki. Lakini jambo ninalolileta ni la pesa pia, na ninyi ni watu wa mikopo. Mtalielewa haraka.

Ninachosema ni hiki. Umeme wa jua umekuwa rahisi duniani kwa sababu serikali kadhaa ziliamua kuushusha bei, kwa makusudi na kwa pesa za umma. Kinachoufanya ubaki ghali kwetu Afrika ni riba, nyaya na kodi, na hivyo navyo vinaamuliwa na serikali: yetu, na zile za nchi tajiri. Kwa hiyo akija mtu akatuambia tungoje tu, soko litajirekebisha lenyewe, tumuulize ni wapi soko liliwahi kufanya kazi hiyo peke yake.

Tafadhali fungueni simu mtafute ujumbe wa mwisho wa tokeni. Kila mtu anao. Kuna nambari ya mita, tarakimu 20 za tokeni, yuniti ulizopata na pesa ulizotuma. Kisha kiasi ulichotuma kimegawanywa mara mbili: kilichonunua stima yenyewe, na makato mengine. Ndani ya makato hayo kuna gharama ya mafuta, ambayo huelekea kupanda mvua ikikosa, kwa sababu mabwawa ya Mto Tana yakipungua maji, mitambo inayochoma mafuta mazito huwashwa zaidi. Kuna marekebisho ya fedha za kigeni, kwa sababu mikopo iliyojenga mitambo yetu ilikopwa kwa dola na euro, na shilingi ikianguka ni wewe unayefidia. Kuna ushuru wa kupeleka stima vijijini. Kuna VAT ya asilimia 16.

Sasa wekeni hilo kando ya jambo jingine. Takriban asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Ni nchi chache sana duniani zinazoweza kusema hivyo. Mvuke wa Olkaria haununuliwi kwa meli, na upepo wa Loiyangalani hautumi bili. Mbona basi mama wa saluni kule Kayole ananunua tokeni za shilingi 50 na kuzima dryer mteja akiwa bado kitini? Swali hilo ndilo lililonileta hapa.

Nirudi nyuma kidogo, kwa kuwa wengine watauliza hewa chafu ya dunia inatuhusu nini. Dunia inatoa takriban tani bilioni 37 za hewa ya ukaa kila mwaka kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Sehemu ya Kenya haifiki hata asilimia 0.1. Tukizima kila kitu usiku wa leo, kesho hakuna atakayeona tofauti angani. Ila hewa chafu ya miaka ijayo itaamuliwa zaidi katika nchi ambazo watu wake bado wanahitaji umeme mwingi kuliko walio nao: India, Indonesia, Vietnam, Nigeria, Pakistan, na huku kwetu, ambako Waafrika wapatao milioni 600 hawana stima kabisa. Waziri wa kawi wa nchi kama hizo hukaa mezani na mapendekezo mawili, makaa ya mawe na jua, na swali lake la kwanza ni bei. La pili pia ni bei. Hawezi kumwambia mwananchi asiye na taa avumilie giza kwa ajili ya barafu inayoyeyuka ncha ya dunia. Ndiyo maana mkakati unaoweza kufika kila nchi, tajiri na maskini, ni kuifanya kawi safi iwe rahisi kuliko chafu.

Kuna njia ya pili, ya kuipandisha bei kawi chafu kwa kodi. Wachumi wanaipenda, na hesabu zake ni sahihi. Lakini Ufaransa ilijaribu kuongeza kodi ya mafuta, na mwishoni mwa mwaka 2018 watu walijaa barabarani hadi serikali ikarudi nyuma. Sisi wenyewe tuliokuwa Nairobi Juni 2024, wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, hatuhitaji kufundishwa kinachotokea wananchi wakihisi kwamba kodi imezidi. Mtu akiwa hana basi la umeme la kupanda wala gesi ya kupikia anayoimudu, kumpandishia mafuta ni kumwadhibu kwa umaskini wake. Kwanza mpe mbadala anaoumudu. Kodi ije baadaye.

Je, mbadala huo ulishukaje bei? Hapa nitakaa kidogo, maana historia hii haisimuliwi ya kutosha.

Seli ya jua ya silikoni iliyofaa kwa matumizi ilionyeshwa Marekani mwaka 1954, katika maabara ya Bell. Ilikuwa ghali mno hata mteja wake mkubwa wa mwanzo akawa setilaiti. Nani mwingine angelipa? Mwaka 1973 mafuta yakapanda ghafla. Japani, nchi isiyo na mafuta yake, mwaka uliofuata ikaanzisha mpango wa taifa wa utafiti wa kawi ya jua, na miaka ya 1990 serikali ikawa inawasaidia wenye nyumba kulipia paneli za paa. Mwaka 2000 Ujerumani ikapitisha sheria moja muhimu sana: yeyote anayezalisha umeme wa jua, awe mkulima, kanisa au kampuni, gridi ilazimike kuununua kwa bei iliyowekwa, kwa miaka 20. Bei ya mwanzo ilikuwa takriban senti 50 za euro kwa yuniti, mara kadhaa ya bei ya kawaida ya stima wakati huo. Tofauti hiyo waliilipa Wajerumani wenyewe kupitia bili zao, na makato yale yaliondolewa mwaka 2022 tu.

Fikirieni walichofanya. Jua la Ujerumani ni hafifu. Garissa ina jua bora kwa mbali kuliko Berlin. Lakini kwa ahadi ile ya miaka 20, viwanda vilijua kuna mnunuzi, benki zikajua kuna malipo, na mafundi wakawa na kazi ya kujifunzia. China ikaona soko hilo ikajenga viwanda vikubwa kwa msaada wa serikali yake, hadi leo zaidi ya asilimia 80 ya hatua za kutengeneza paneli zinafanyika huko. Kila mara jumla ya paneli zilizotengenezwa duniani inapoongezeka maradufu, bei hushuka kwa takriban asilimia 20. Mwaka 1976 wati moja ya paneli iligharimu zaidi ya dola 100 kwa thamani ya pesa za leo. Sasa kiwandani haifiki senti 20 za dola. Betri zimefuata njia hiyo hiyo: mwaka 2010 zilizidi dola 1,000 kwa kila kilowati-saa, yaani nafasi ya kuhifadhi yuniti moja ya stima, na mwaka 2024 wastani ulikuwa takriban dola 115.

Kwa hiyo yule fundi wa Luthuli Avenue, mtaa wetu wa vifaa vya stima, anayekuuzia paneli leo, bei yake imebebwa na walipa kodi wa Japani, walipa bili wa Ujerumani na mabenki ya serikali ya China. Nawashukuru kwa dhati. Wametufanyia kazi kubwa.

Si lazima nchi iwe tajiri ndipo ifanye hivi. India mwaka 2014 ilikuwa inanunua balbu ya LED kwa rupia 310. Shirika la serikali likaanza kuagiza balbu kwa mamilioni kwa pamoja, likizishindanisha kampuni kwa mnada, na kufikia mwaka 2016 balbu hiyo ilikuwa inanunuliwa kwa rupia 38. Mwananchi aliweza kuichukua na kuilipa kidogo kidogo kwenye bili yake. Zaidi ya balbu milioni 360 ziligawanywa. Serikali ilitumia tu nguvu ya oda kubwa. Afrika Kusini nayo ilianza minada ya umeme wa jua na upepo mwaka 2011, na katika awamu chache tu bei ya jua ikashuka kwa zaidi ya nusu. Kenya tuna sera ya minada tangu mwaka 2021. Nataka kuiona ikitumika kwa uwazi, zabuni zikifunguliwa mbele ya watu.

Sasa tufike kwenye riba, na hapa naomba msikilize kama mnavyosikiliza siku ya kuomba mkopo.

Mtambo wa dizeli ni rahisi kuununua, ila lazima uulishe mafuta kila siku. Mtambo wa jua ni kinyume: unalipa karibu gharama yote siku ya kwanza, kisha miaka 20 au zaidi jua halikudai kitu. Maana yake ni kwamba unapojenga umeme wa jua unakopa sana, na bei ya umeme huo kwa sehemu kubwa ni bei ya mkopo. Tufanye hesabu. Chukua shilingi milioni 1, ulipe kwa miaka 20 kwa awamu sawa. Kwa riba ya asilimia 4, unalipa kama shilingi 73,600 kwa mwaka. Kwa riba ya asilimia 15, unalipa kama shilingi 159,800 kwa mwaka. Paneli ni ile ile, jua ni lile lile, fundi ni yule yule. Yuniti moja ya umeme sasa inagharimu zaidi ya maradufu, na ziada yote imeingia kwa mkopeshaji.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo kati ya Ulaya na Afrika. Shirika la Kimataifa la Kawi limeonyesha kwamba gharama ya mtaji kwa miradi ya kawi safi Afrika ni angalau mara mbili hadi tatu ya ile ya nchi tajiri. Bara hili lina takriban asilimia 60 ya maeneo bora ya jua duniani, na asilimia 1 tu ya mitambo ya jua. Wawekezaji wanasema wanaogopa: shilingi itaanguka, kampuni ya kununua umeme haitalipa kwa wakati, serikali itabadilika na mkataba utavunjwa. Hofu nyingine ni za kweli na nyingine zimetiwa chumvi, lakini zote zinaingia kwenye riba, na riba inaingia kwenye tokeni zako.

Nanyi mnajua dawa yake. Hapa kwetu mwanachama hapewi mkopo mkubwa bila wadhamini. Wadhamini hawatoi hata shilingi siku ile. Wanaweka akiba yao nyuma ya jina lake, na kwa sababu hiyo sacco inathubutu kumkopesha kwa riba nafuu. Nchi tajiri na benki za maendeleo zinaweza kuwa wadhamini wa mitambo ya Afrika. Dola 1 ya dhamana huweza kuvuta dola kadhaa za mkopo wa kawaida. Kule Baku, Azerbaijan, kwenye mkutano wa dunia wa tabianchi mwaka 2024, nchi zilikubaliana kwamba kufikia 2035 zitakuwa zinatafuta dola bilioni 300 kila mwaka kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Kiasi si kikubwa kwa mahitaji yaliyopo, lakini kikija kama mikopo ya riba ya soko kitatuongezea deni tu. Kikija kama dhamana na mikopo nafuu ya muda mrefu, kitashusha bei ya umeme moja kwa moja. Wajumbe wetu wanapokwenda kwenye mikutano hiyo, hilo ndilo nataka walipiganie, neno kwa neno, hadi alfajiri.

Wala tusiseme serikali yetu haijawahi kufanya jambo kubwa. Olkaria visima vya kwanza vilichimbwa miaka ya 1950, na mtambo wa kwanza wa megawati 15 uliwashwa mwaka 1981. Ni zaidi ya miaka 20 ya kungoja; benki gani ya biashara ingevumilia? Kuchimba kisima cha mvuke ni kwenda chini kilomita 2 hadi 3 kwenye mwamba wa moto, kwa mamilioni ya dola, bila uhakika kwamba mvuke utatokea. Mwaka 2008 serikali iliunda kampuni ya umma ya kubeba hatari hiyo. Kule Menengai, Nakuru, kampuni hiyo inachimba, inapata mvuke, kisha inawauzia wawekezaji wanaoleta mitambo. Mwekezaji anakuta mvuke tayari unafuka, kwa hiyo mkopeshaji wake haogopi tena kisima kikavu. Leo mvuke wa ardhini unatupa karibu nusu ya umeme wetu. Wataalamu wa nchi jirani wanakuja hapa kujifunza. Nawaambia vijana: huu ni ujuzi wa Wakenya, na ulilipiwa na umma.

Lakini tuseme pia tulipoteleza. Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, mitambo 365 ya upepo yenye megawati 310 ilikamilika kusimamishwa mwaka 2017. Haikuwasha hata balbu moja ya Nairobi hadi Septemba 2018, kwa sababu laini ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, ambayo ilikuwa jukumu la serikali, haikuwa tayari. Kampuni iliyopewa zabuni ya laini ilifilisika katikati ya kazi. Mkataba ulitaka umeme ulipiwe hata usipofika, kwa hiyo umma ukabeba mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukufika. Upepo ulikuwepo, mashine zilikuwepo, waya haukuwepo. Mnapomsikia mgombea akiahidi megawati, muulizeni laini itapita wapi na itaisha lini.

Kodi nayo. Mwaka 2020 sheria ya fedha iliondoa msamaha wa VAT kwa vifaa vya sola. Mwaka 2021 msamaha ukarudishwa. Gesi ya kupikia iliwekewa VAT ya asilimia 16 mwaka 2021, ikapunguzwa hadi 8 mwaka 2022, ikaondolewa mwaka 2023. Mwenye duka la sola anapangaje bei hapo? Mama aliyeacha makaa akanunua mtungi wa gesi, halafu kujaza kukapanda, alirudi kwenye makaa, na watoto wake wakarudi kwenye moshi. Ujerumani ilitoa ahadi ya miaka 20. Sisi tulibadilisha kodi ya gesi mara tatu katika miaka mitatu.

Kuna jambo la usiku ambalo halinitoki akilini. Jioni, kati ya saa moja na saa tatu hivi, kila mtu amewasha, na mahitaji yanapita megawati 2,300. Usiku wa manane wengi wamelala, stima haina mtumiaji, na mvuke mwingine wa Olkaria huachiliwa hewani bure. Wakati huo huo boda boda mjini huu zinanunua petroli iliyotoka ng'ambo kwa dola. Mwaka 2023 iliwekwa bei maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme, na usiku inashuka kwa nusu. Huo ni uamuzi mdogo wa serikali, haukuhitaji mkopo wa mtu, na tayari pikipiki za umeme zinazobadilisha betri vituoni tunaziona kila barabara. Mwanachama wetu wa boda akipata mkopo wa pikipiki ya namna hiyo hapa, anachajisha kwa mvuke uliokuwa unapotea. Naomba kamati ya mikopo ilitazame hilo mwaka huu.

Bei rahisi pekee haitoshi, nalisema waziwazi. Mwaka 2022 serikali za dunia zilitumia zaidi ya dola trilioni 1 kuruzuku mafuta, gesi na makaa ya mawe. Huwezi kushusha bei ya kilicho safi kwa mkono mmoja na kushusha ya kilicho chafu kwa mkono mwingine. Na bado mtu lazima asimame aseme hapana pale inapobidi, kama wakazi wa Lamu walivyosimama hadi mwaka 2019 mahakama ya mazingira ikafuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050.

Pia tuangalie nani anaachwa. Pakistan mwaka 2024 iliagiza paneli za takriban gigawati 17, yaani megawati 17,000, watu binafsi wakijiwekea paani kwa sababu stima ya gridi ilikuwa ghali. Ni habari njema kwa anga. Lakini mwenye paa lake akiondoka kwenye gridi, gharama za nyaya na mikataba hubaki kwa wapangaji wa chumba kimoja. Hapa Nairobi vyuo, maduka makubwa na viwanda vimekwisha kujiwekea sola. Mpangaji wa Mathare hana paa la kuwekea chochote. Serikali isipofikiria bei ya yuniti zake za kwanza, kawi safi itakuwa ya wenye mali.

Septemba 2023, pale ukumbi wa KICC, marais wa Afrika walipitisha Azimio la Nairobi: kutoka gigawati 56 za kawi jadidifu, ile isiyoisha kama jua na upepo, mwaka 2022 hadi angalau 300 kufikia 2030. Jina la mji wetu limo kwenye hati hiyo, kwa hiyo tuna haki ya kuulizia.

Pa kuulizia papo. Kila mwaka Mswada wa Fedha hupelekwa kwa umma kabla ya kupitishwa mwezi Juni, na bei za stima zinapopitiwa, mamlaka ya kawi hulazimika kusikiliza maoni ya wananchi. Kampuni kubwa huleta mawakili. Sisi wanachama hatujawahi kuleta hata barua. Nimeandika rasimu yenye mambo manne: msamaha wa kodi kwa sola, betri na gesi ya kupikia uwekwe kwa miaka 10 bila kuguswa, mikataba mipya ya umeme inunuliwe kwa mnada wa wazi na kwa shilingi pale inapowezekana, kila mtambo mpya uidhinishwe pamoja na laini yake, na bei ya usiku ifunguliwe kwa nyumba za kawaida na biashara ndogo, ili yule mama wa saluni, fundi wa kuchomelea na mwenye kinu cha kusaga waweze kupanga kazi zao nayo.

Rasimu iko kwa katibu. Itajadiliwa baada ya hesabu za mwaka. Mwenye la kuongeza au kupinga amwone wakati wa chai, aandike jina na nambari ya uanachama, ili iende bungeni ikiwa na sahihi zetu wote. Asanteni sana.